Kazi za Mikono: Kuiamsha Injini Iliyolala



Mwezi uliopita katika ukurasa huu tulizungumza habari za kutunza vyombo vya seremala. Mwezi huu twaingia katika kazi nyingine, nayo ni kuiweka tayari injini ya motokaa ya zamani ili ipate kuwashwa mara ya kwanza, ama baada ya kufunguliwa na kufungwa upya, ama baada ya kulala bandani miaka mingi. Katika kazi hii mtu hutumia majuma mengi kwa ajili ya dakika moja. Na katika dakika hiyo moja yaweza kuharibika mashine iliyodumu miaka mia, au kuvunjika mkono wa mtu, au kuungua nyumba.

Kwa hiyo neno letu la mwezi huu ni fupi. Injini ya zamani haiuawi na usingizi wake. Aghalabu huuawa na haraka ya mwenye kuiamsha. Kila kitu inachokihitaji chaweza kupimwa ingali imenyamaza, kimoja kimoja. Mtu akishavipima vyote, kuiwasha ni jambo dogo. Asipovipima, kuiwasha ni kubahatisha.

Kwa mfano tumeichagua motokaa ya Ford iitwayo Model T, kwa kuwa ni mashuhuri kati ya motokaa zote za zamani, tena injini yake ni rahisi kufahamika. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1908, na ilipokoma kutengenezwa mwaka 1927 zilikuwa zimetoka zaidi ya 15,000,000. Hapo mwanzo bei yake ilipita dola 800. Mwaka 1925 ile ya bei ndogo kabisa ilishuka hata dola 260. Sababu moja ni kwamba tangu mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, jimbo la Michigan, motokaa ziliundwa juu ya mstari unaokwenda, kila fundi akisimama mahali pake na kazi ikimjia. Wakulima waliinunua kwa wingi. Wengine waliinua gurudumu moja la nyuma, wakalifunga mkanda, wakaitumia motokaa yao kupasulia kuni na kuvutia maji. Hata leo ziko nyingi zinazotembea, na vipuri vyake vingali vikitengenezwa.

Injini yake ina silinda nne, ukubwa wake lita 2.9, na nguvu zake ni kama za farasi 20. Haina pampu ya oili, wala pampu ya petroli. Na pampu ya maji ilitiwa katika zile chache za kwanza tu. Oili, maji na petroli huenda mahali pake kwa kurushwa, kwa kupanda moto na kushuka baridi, na kwa kuteremka kama maji ya mlimani. Ndiyo maana injini hii ni mwalimu mwema. Lakini ndiyo maana pia haina kipimo cha oili mbele ya dereva cha kumwonya. Asiyetazama kabla hatajua hata mambo yamekwisha haribika.

KWANZA: IZUNGUKE KWA MKONO

Injini iliyolala muda mrefu isizungushwe kwa nguvu. Huenda pete za pistoni zimeshikwa na kutu ndani ya silinda, au valvu zimekwama. Ondoa plagi zote nne. Mimina katika kila silinda vijiko viwili vitatu vya oili nyepesi iliyochanganywa na mafuta ya taa, uiache siku mbili tatu; kutu ikiwa nyingi, juma zima. Kisha shika hendeli, ujaribu kidogo kidogo. Ikikataa, usiongeze nguvu, ongeza siku. Mtu atiaye bomba refu juu ya hendeli ili aishinde injini, huenda akavunja pete za pistoni, na kwa pete moja iliyovunjika atalazimika kuifungua injini yote.

Ikikubali kuzunguka, fungua vifuniko vya valvu vilivyo ubavuni, uziangalie zote nane zikipanda na kushuka. Ile inayopanda isishuke imekwama. Itie mafuta, uisukume kwa upole, mpaka ishuke kwa nguvu ya springi yake yenyewe.

PILI: OILI

Hapa ndipo ilipo roho ya injini. Nyuma yake kuna gurudumu zito la chuma, mafundi huliita flaiwili. Gurudumu hilo huzunguka ndani ya oili na kuirusha juu. Sehemu ya oili hiyo huangukia katika mdomo wa bomba jembamba liendalo mpaka mbele ya injini. Kutoka mbele hurudi nyuma polepole, ikijaza vihori vilivyo chini ya silinda. Kila mkono wa pistoni unaposhuka huchovya katika kihori chake, ukairusha oili huku na huku, na hivyo beringi zote hulowa.

Beringi za injini hii ni za madini laini, sehemu kubwa yake ni bati. Zikiwa na oili hudumu miaka. Zikikauka, hupata moto, huyeyuka na kutoka. Basi mtu akiiwasha injini ambayo vihori vyake ni vikavu, furaha yake ya kusikia sauti huwa ndiyo mwanzo wa hasara.

Kwanza toa oili ya zamani yote, na kifuniko cha chini kikifunguka, osha tope lililoganda. Kisha safisha lile bomba jembamba. Ndani ya sanduku la gia za Model T kuna mikanda yenye kitambaa cha pamba. Nyuzi zake hukatika, huelea katika oili, na mwisho huziba bomba hilo. Likizibwa, oili hujaa nyuma, na mbele hubaki njaa. Pulizia upepo mpaka utoke upande wa pili.

Oili mpya humiminwa mbele ya injini, nayo ni lita 4 hivi. Imimine polepole, kwa kuwa ikienda nyuma hupita katika vihori na kuvijaza. Namna ya kuipima ni hii: chini ya injini, upande wa nyuma, kuna bilula mbili ndogo, moja juu na moja chini. Fungua ya chini: oili sharti itoke. Fungua ya juu: ikitoka, imejaa. Oili na iwe kati ya bilula hizo mbili. Kuzifikia ni lazima kulala chini ya motokaa, na wavivu wengi wameharibu injini zao kwa kuona taabu ya kulala. Wazee walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Ukiisha, zungusha injini kwa hendeli mara nyingi, plagi zikiwa zimeondolewa, kisha upime tena kwa bilula. Na kama injini imefungwa upya, kila beringi na kila ukuta wa silinda sharti ulikwisha pakwa oili kwa mkono wakati wa kufunga.

TATU: MAJI

Maji yaliyopata moto kichwani mwa injini huwa mepesi, hupanda kwa bomba la juu mpaka rejeta. Yakipoa huwa mazito, hushuka, hurudi chini ya injini. Mwalimu aweza kuwaonyesha watoto jambo hili darasani kwa chombo cha kioo kinachostahimili moto, maji, na unga kidogo wa mbao uliolowa: pasha moto upande mmoja tu, nao wataona chembe zikipanda upande huo na kushuka upande wa pili.

Kwa hiyo rejeta sharti ijae, kama lita 11 hivi pamoja na yaliyo katika injini. Maji yakiwa chini ya mdomo wa bomba la juu, mzunguko hukatika, na injini huchemka ingawa mna maji mengi ndani. Osha rejeta mpaka maji yatoke safi, badili mipira iliyopasuka, jaza, ukatandike karatasi kavu chini yake usiku kucha. Asubuhi karatasi itakuambia penye uvujaji.

Tena fanya jaribio hili dogo. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini yake. Basi asubuhi hiyo, kabla ya kuizungusha injini, legeza kizibo cha kutolea oili utoe matone machache. Likitoka tone la maji kabla ya oili, jua kwamba maji yanaingia ndani, ama kwa gasketi mbovu, ama kwa ufa katika chuma. Usiendelee mpaka umeona sababu yake.

NNE: CHECHE

Juu ya flaiwili zimefungwa sumaku 16, nazo zikizunguka hutoa umeme. Umeme huo huenda katika sanduku la mbao lenye koili nne, koili moja kwa kila silinda. Chombo kidogo mbele ya injini huzigawia koili umeme kwa zamu, na kila koili ipatapo zamu yake hulia kama nyuki aliyefungwa katika kibiriti.

Kuzipima, tumia betri. Laza plagi juu ya injini, nyaya zake zikiwa zimefungwa, chuma cha plagi kikigusa chuma cha injini, lakini mbali na matundu ya silinda. Jaribio hili lifanywe kabla ya petroli kuletwa karibu, na yale mafuta uliyotia silindani yawe yamekwisha kutolewa na kukauka. Zungusha hendeli polepole. Utaona cheche katika silinda ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya nne, kisha ya tatu. Zamu ikienda vingine, nyaya zimefungwa vibaya. Koili isiyolia, au ilialiayo kwa kusitasita, itengenezwe sasa, wala isingojwe siku ya kuwasha.

Walakini jihadhari: betri isiguswe kamwe na mahali unapotokea umeme wa sumaku. Umeme wa betri ukipita huko huziua nguvu zile sumaku 16, na kuzirudishia nguvu ni kazi ya fundi mwenye vyombo vyake.

TANO: PETROLI

Petroli ya zamani huoza. Hugeuka kuwa kama rangi ya mbao, hunuka vibaya, na kuziba matundu ya kabureta. Imwage mbali na nyumba, wala usimwage kisimani wala mtoni. Osha tangi, ambalo katika nyingi za motokaa hizi liko chini ya kiti, na chujio lililo chini yake. Petroli huteremka yenyewe tu kutoka tangini. Ndiyo sababu dereva wa Model T mwenye petroli kidogo aliweza kukwama katika mlima mkali, akageuza motokaa na kuupanda kinyumenyume, ili tangi liwe juu ya kabureta.

Ndani ya kabureta kuna boya la gome la mwaloni wa Ulaya, lile litumikalo kuzibia chupa. Rangi yake ya kulikinga ikibanduka, boya hunywa petroli na kuzama, na petroli humwagika ovyo. Lijaribu katika bakuli la petroli: lisipoelea, badili. Sindano ya kupimia petroli ifunge kwa vidole mpaka iguse tu, usiikaze, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu.

Kazi yote ya petroli ifanywe mchana. Watu wengi hawakuunguzwa na injini, bali na taa waliyoileta karibu ili waone vema.

SIKU YENYEWE

Motokaa itolewe nje. Katika moshi wa injini mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu katika banda lililofungwa kabla hawajahisi neno. Ndoo ya mchanga iwe karibu. Vuta breki ya mkono mpaka mwisho, uzuie magurudumu kwa mawe mbele na nyuma, kwa maana Model T yenye oili nzito ya baridi yaweza kutambaa yenyewe mara iwakapo, na anayesimama mbele yake ni yule mwenye hendeli. Asiwe na ukuta nyuma yake. Watoto wakae kando, mbali, walipoonyeshwa.

Sasa twaja kwenye mkono wa mtu. Chini ya usukani kuna vijiti viwili. Cha kulia hutawala petroli. Kishushe hatua chache tu. Cha kushoto hutawala wakati wa cheche. Nacho, ukiwasha kwa betri, kiwe juu kabisa. Kikiwa juu, cheche huja baada ya pistoni kupita kileleni, na nguvu huisukuma mbele. Kikiwa chini, cheche huja kabla, nayo injini hurudi nyuma kwa ghafula ikiwa na hendeli mkononi mwako. Katika miaka ile watu wengi walivunjika mikono kwa sababu hiyo. Mwaka wa 1912 Cadillac ilitoa motokaa zenye kuwashwa kwa umeme, kazi ya Charles Kettering na wenzake. Ford ilianza kutia kitu hicho katika Model T mwaka 1919.

Basi yeyote ashikaye hendeli na amwulize mwenzake kwa sauti, "Kijiti kiko juu?" naye ajibu baada ya kukitazama, si kwa kukumbuka. Mkono wa kushoto ndio ufaao. Kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke hendeli. Vuta kutoka chini kwenda juu. Usisukume kamwe kwenda chini, wala usizungushe mfululizo.

Kwanza umeme ukiwa umefungwa, vuta ule waya mdogo wa mbele unaoziba hewa ya kabureta, uzungushe injini nusu mzunguko mara tatu au nne, ipate kunywa petroli. Achia waya. Fungua umeme. Vuta hendeli mara moja, kwa nguvu.

Ikiwaka, shusha kijiti cha cheche kidogo, uache injini iende polepole. Hapo wengi husahau yote na kushangilia. Wewe sikiliza. Moshi mwingi wa buluu mwanzoni ni ile oili ya silindani, utapungua. Mlio wa kugonga kutoka chini, ngo, ngo, ngo, ni beringi inayolalamika. Zima mara hiyo hiyo. Hata kama hakuna mlio, zima baada ya dakika moja. Lala tena chini, fungua bilula ya chini, uone kama oili ingali inatoka. Tazama maji, tazama petroli, gusa kwa tahadhari. Kisha washa tena dakika tano, uzime, utazame. Injini ikiisha kupata moto na kupoa kabisa, kaza tena bolti 15 za kichwa, ukianzia katikati na kwenda nje, kwa maana gasketi mpya hulala zaidi ikipata moto.

KWA ASIYE NA FORD

Huenda msomaji akasema, "Mimi sina motokaa ya miaka mia." Ni kweli, lakini mashambani na shuleni ziko injini za kusaga unga na za kuvuta maji, zimefunikwa magunia tangu fundi wake alipohama. Kila moja ina kitabu chake na desturi yake, tena zile za dizeli hazina plagi za cheche. Lakini utaratibu wa kuziamsha haupotei: izunguke kwa mkono kwanza, oili ifike mahali pake kabla ya moto, maji yajae, kisha ndipo mafuta na kuwasha. Kwa mwalimu hakuna hasara kuyaandika mambo haya katika karatasi, kila jambo na nafasi ya kutia alama, na kuwapa wanafunzi wawili kazi ya kutia alama hizo, mmoja akifanya na mwenzake akihakikisha.

Na ikitokea ya kwamba jua linakaribia kutua, wageni wamekuja kuona, na jambo moja katika karatasi bado halijatiwa alama, basi wageni wapewe chai waende zao. Injini iliyongoja miaka thelathini itangoja mpaka kesho.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutasema habari za bawaba na makomeo ya milango. Walimu walio na swali juu ya haya ya leo na watuandikie.